Lori la zamani likianza kugonga

Lori kuukuu la dizeli likianza kugonga, wengi husema injini imekufa. Tunashauri isifunguliwe haraka, maana huenda ni nozeli moja tu iliyochoka.

Zima kwanza, upime oili. Ukiwasha tena, tazama geji. Presha ikishuka injini inapopata moto, na mlio ukiwa mzito, unatoka chini karibu na sampo, shuku beringi za konrodi. Hapo usiendelee na safari hata kama umebeba nyanya. Beringi iliyosagika huharibu krankshafti, na konrodi ikikatika hutoboa bloku.

Presha ikiwa nzuri lakini mlio ni mkali na kuna moshi mweusi, shuku nozeli. (Ule wa tiki-tiki juu kwenye kava mara nyingi ni tapeti za kurekebisha tu.) Fundi huiacha injini ikiunguruma taratibu, akalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ikikosa dizeli mlio unapungua, ndiyo yenye tatizo. Kisha abadilishane nozeli yake na ya silinda nyingine. Mlio ukihama, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, rudini kwenye beringi au pistoni.

Kipimo hiki ni cha pampu za zamani. Injini zenye nozeli za umeme zisiguswe hivyo. Na mkono ukae mbali: dizeli yenye presha hupenya ngozi, na kidonda chake, hata kiwe kidogo kama tundu la sindano, ni cha kukimbizwa hospitali saa ileile.