Fose septiki: tangi la kuozesha, si shimo

Ukimwuliza fundi wa tiyo (mabomba) mjini Likasi maji ya choo cha ndani yanakwenda wapi, atakujibu: fose septiki. Mwenye nyumba, akimwelezea jirani, atasema shimo ya choo. Majina hayo mawili hayataji kitu kimoja, na anayetaka nyumba yenye ghorofa ya chini ya ardhi atailipia sana tofauti yake asipoijua kabla ya kuchimba msingi.

Kinachoingia kwenye shimo la choo hubaki humo, na maji hunywewa na udongo. Fose septiki ni tangi lililofungwa, lenye kuta na sakafu zisizovuja, na hupokea huku likitoa. Vitu vizito huzama vikawa tope. Mafuta na povu huelea vikafanya utando. Katikati hubaki maji yaliyotulia, na hayo ndiyo yanayotoka kwenda kunywewa na udongo kupitia shimo la kunywea au mitaro ya changarawe. Chini, pasipo na hewa, vijidudu hula tope na kulipunguza. Hawalimalizi, ndiyo maana tangi hunyonywa kila baada ya miaka michache. Maji yanayotoka nayo bado ni machafu. Udongo ndio unaomalizia kuyasafisha, kwa hiyo shimo la kunywea likae mbali na kisima. Miongozo mingi hutaka mita 30.

Louis Mouras wa Vesoul, Ufaransa, alipata hataza ya tangi la namna hii mwaka 1881. Donald Cameron akajenga lake Exeter, Uingereza, katika miaka ya 1890, na jina alilolipa la septiki, kutokana na neno la Kigiriki la kuoza, ndilo lililoenea. Kwa hiyo tafsiri ninayoitetea ni tangi la kuozesha. Tanzania na pwani husema karo, au tangi la maji taka, na wasemaji huelewana. Lakini karo laweza kuwa shimo lolote la maji machafu, na jina la maji taka halisemi tangi linafanya nini. Kuozesha kunataja kazi yake. Na tangi humkumbusha mjenzi kwamba chombo hiki kina mdomo wa kuingilia na mdomo wa kutokea, na kila mdomo una kimo chake.

Kimo hicho ndicho kinachoamua yote kwa mwenye ghorofa ya chini. Tiyo ya choo hupewa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasukume kinyesi bila kukiacha nyuma. Tuseme sakafu ya chini iko mita 2.5 chini ya uwanja, na tiyo inatoka sentimita 30 chini ya sakafu hiyo. Tangi likiwa mita 15 kutoka ukutani, tiyo itashuka sentimita 30 nyingine. Mdomo wa kuingilia utakuwa mita 3.1 chini ya uwanja. Ongeza mita 1.5 ya maji ndani ya tangi, na shimo la kuchimba linafika mita 4.6 hata kabla ya unene wa zege. Shimo la kunywea nalo litaanzia kule chini, na mvua za Novemba hadi Aprili zikipandisha maji ya ardhini, halitanywa kitu. Tangi la plastiki lililoachwa tupu laweza hata kuinuliwa na maji hayo.

Likasi imekaa katikati ya vilima, na vilima hivyo ni msaada mkubwa. Kiwanja kikiwa mteremkoni, sakafu ya chini yaweza kutoa tiyo upande wa bondeni bila kuchimba sana. Kiwanja kikiwa tambarare, ushauri wangu ni mmoja: vyoo vya juu vishuke kwa uzito wa maji moja kwa moja hadi tangini, bila kupitia sakafu ya chini kabisa, na huko chini choo kisiwekwe. Anayekihitaji kweli atachimba kisima kidogo chenye pampu ya kupandisha maji taka. Umeme ukikatika pampu husimama, na kisima hicho hujaa.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Tangi likijaa au tiyo ikiziba, maji taka hurudi na kutokea kwenye mdomo ulio chini kuliko yote ndani ya nyumba, yaani bomba la sakafu la ghorofa ya chini. Hapo panahitaji valvu inayozuia maji kurudi, mahali mkono unapoifikia. Kila choo na sinki viwe na sifoni yenye maji ya kuzuia harufu, na tiyo ya hewa ipande hadi juu ya paa, la sivyo maji ya sifoni hunyonywa na harufu huingia. Maji ya mvua na ya kuzunguka msingi yasielekezwe tangini kamwe. Yatasukuma tope hadi kwenye shimo la kunywea na kuliziba.

Basi, kabla ya zege la sakafu kumwagwa, mwambie fundi alete pima maji au mpira wa maji, akuandikie vimo vitatu: tiyo inapotoka nyumbani, inapoingia tangini, na maji yanapotoka tangini. Asipoweza kukuandikia, usimruhusu amwage zege.