Mgeni Ale Wapi? Historia Fupi ya Sahani ya Dar es Salaam

Mwaka jana nilimpokea mwalimu mwenzangu kutoka chuo kikuu cha nchi jirani, aliyekuja Dar es Salaam kuhudhuria kongamano la siku tatu. Jioni ya kwanza alinionyesha kijitabu alichokabidhiwa mapokezi. Ndani yake mlikuwa na orodha ya mahali pa kula: hoteli tano, zote zikitazama bahari, zote zenye bei ambazo mwalimu huzisoma mara mbili kabla ya kuyaamini macho yake. Akakifunga, akaniuliza: "Ndugu yangu, ninyi wenyeji mnakula wapi?"

Nilidhani ni swali jepesi. Nilipoanza kulijibu nikagundua kuwa nalazimika kumsimulia historia ya mji mzima. Makala haya ni jibu nililompa, nikiwa nimelipanga vizuri zaidi kuliko siku ile tulipokuwa mezani. Hoja yangu ni moja: Dar es Salaam, tangu zamani hadi leo, hulishwa na watu ambao watawala wake hawakuwapangia nafasi. Anayetafuta chakula kizuri katika mji huu hana budi kuwatafuta watu hao. Na anayetaka kuuelewa mji huu hana budi kujiuliza kwa nini nafasi yao ingali ya kubahatisha.

Mji uliojengwa bila jiko

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na mradi wake ukadorora mpaka Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianza, na kufikia 1914 reli ilikuwa imefika Kigoma. Bandari na reli zilihitaji mikono mingi. Lakini wenye mikono hiyo walikuwa na matumbo pia, na jambo hilo halikuwamo katika mipango.

Wakoloni waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi zilizotaja aina ya majengo, ingawa kwa kweli ziligawa watu kwa rangi. Ufukweni kulikuwa Uzunguni. Nyuma yake kulikuwa Uhindini, penye maduka. Kisha ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo ya uwanja huo ndipo palipokuwa pa Waafrika: Kariakoo, na baadaye Ilala. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps, waliowekwa kambini hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916.

Ukitaka kujua nani alikula wapi, ramani hiyo yatosha. Wajerumani walijenga hoteli ya Kaiserhof, ambayo chini ya Waingereza iliitwa New Africa. Afrika ikawa jina la hoteli. Mwafrika mwenyewe aliingia humo kwa mlango wa jikoni.

Na huyo Mwafrika alikula nini? Mshahara wa kibarua ulikadiriwa kana kwamba hana mke wala mtoto, au kana kwamba wanaye lakini wanalishwa na shamba huko alikotoka. Kibarua wa bandarini aliajiriwa kwa siku. Siku isiyo na meli ilikuwa siku isiyo na ujira. Alipanga chumba Uswahilini pamoja na wenzake, hana jiko, hana muda wa kupika. Mahitaji yake ndiyo yaliyowapa riziki wauza uji, wakaanga samaki, wauza kahawa na wenye vibanda vya chai na wali. Ndiyo maana katika Kiswahili cha mtaani neno "hoteli" halikumaanisha kwanza mahali pa kulala. Lilimaanisha mahali pa kula, penye benchi, kikombe cha bati na mwenye duka anayejua nani ana deni.

Tusidhani kuwa sahani hiyo ilikuwa nje ya siasa. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa 1947 ulienea hadi bara kwa kufuata reli. Mwanahistoria John Iliffe ameeleza jinsi migomo hiyo ilivyowafanya vibarua waliotoka makabila mbalimbali wajione kuwa tabaka moja. Gharama za maisha, na chakula kikiwamo, zilikuwa katika kiini cha manung'uniko yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha mgao wa vyakula mjini, na James Brennan ameonyesha kuwa hata mgao huo ulifuata rangi: nani ni mla mchele na nani ni mla sembe liliamuliwa ofisini, si jikoni. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Kwa macho ya mkoloni, asiye na mwajiri alikuwa mhuni, hata kama ndiye aliyemlisha mwenye mwajiri.

Mama, nitilie

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakuwatafuta maofisini, kwa kuwa hawakuwako huko. Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao baadaye, anatuonyesha wanawake wa vikundi vya ngoma, wasio na elimu kubwa ya shule, waliojipatia fedha kwa shughuli ndogo ndogo, zikiwamo za kupika na kuuza. Walijua bei, walijuana, na walikuwa na fedha zao wenyewe. Chama kilichotaka kuingia kila nyumba kiliwahitaji watu ambao tayari walikuwa wakiingia kila nyumba.

Uhuru ulifungua milango ya hoteli za ufukweni, na mwaka 1965 taifa likajipatia hoteli yake ya fahari, Kilimanjaro. Kariakoo nayo ilipata mwaka 1975 soko jipya lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Lakini hesabu ya mlo wa mfanyakazi ilibaki ileile. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, mshahara ukapoteza thamani kiasi kwamba mtumishi wa serikali, aliyekuwa kilele cha matumaini ya ukoo wake, hakuweza kufika nao katikati ya mwezi.

Hapo ndipo mji ulipomzoea mama ntilie. Jina hili ni hati ya kihistoria. Halitokani na cheo wala leseni. Linatokana na sauti ya mteja mwenye sahani mkononi: mama, nitilie wali. Mama, nitilie na mchuzi. Jina rasmi zaidi, "mama lishe", lilikuja baadaye, na lina harufu ya semina. Wanafunzi wangu wengi walikutana na mama huyu kwanza darasani, katika riwaya ya Emmanuel Mbogo, *Watoto wa Mama N'tilie*, kabla ya kumtazama vizuri yule aliye nje ya geti la shule.

Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvu kazi. Watu wasio na kazi iliyotambuliwa walikamatwa mijini wapelekwe mashambani. Lugha ilikuwa ya ujenzi wa taifa, lakini aliyesoma sheria ya 1944 aliitambua sura yake. Aili Mari Tripp ameeleza kwa kina kwa nini zoezi lile halikudumu: familia za waajiriwa wenyewe zilikuwa zikiishi kwa miradi hiyohiyo iliyokuwa ikipigwa vita. Askari aliyetumwa kuwakamata wauza maandazi huenda alikuwa amesomesha watoto kwa maandazi.

Tangu hapo mtindo umekuwa mmoja, wa kufukuzwa na kuitwa. Mwaka 2006 wafanyabiashara wadogo waliondolewa barabarani. Desemba 2018 Rais Magufuli akaanzisha vitambulisho vya shilingi 20,000, na kwa muda aliyekuwa nacho akapumua. Oktoba 2021 wakaamriwa tena kuhamia maeneo maalumu, mengine yakiwa mbali na wateja wao. Jiko huhamishika, njaa ya saa sita mchana haihamishiki.

Hoja ya usafi

Najua watakaonijibu, hasa wasomaji wangu walio katika halmashauri. Watasema: na kipindupindu je? Hoja hiyo ni ya kweli. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliua watu, na hakuna msomi anayepaswa kuupamba uchafu kwa maneno ya ushujaa wa wanyonge.

Lakini historia inatutaka tuulize swali linalotangulia. Kipindupindu huenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Mama anayeosha sahani hamsini katika ndoo moja hafanyi hivyo kwa kupenda. Anafanya hivyo kwa sababu mahali alipo hapana bomba, hapana mfereji, hapana choo. Na havipo kwa sababu kila bajeti inamhesabu kama mtu wa kupita, ilhali mama yake naye alipika palepale. Pale mji ulipoamua kujenga, ulijenga: soko la samaki la Feri lilijengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, likapata vizimba, sehemu ya mnada na sehemu ya kukaangia. Tulihitaji fedha za mbali kuona lililo mbele ya macho yetu, si mbali na Ikulu.

Basi mgeni ale wapi?

Nirudi kwa mgeni wangu. Nilimpa kanuni tatu, na kila moja inatokana na historia niliyoieleza.

Kwanza, wafuate wenye kazi. Mahali wanapokula makuli, makondakta na makarani wa ngazi ya chini hapawezi kuwa pabaya kwa muda mrefu, maana hawana fedha ya kukosea mara mbili. Pili, heshimu saa. Asubuhi ni ya supu na chapati. Saa sita hadi saa nane ni ya wali, ugali, maharage na samaki. Jioni ni ya mishkaki, pweza na mihogo. Chakula kinachoisha mapema ni chakula kipya. Tatu, tazama maji kabla ya kutazama nyama: yanatoka wapi, yanabadilishwa mara ngapi, kuna sabuni ya kunawia? Mama makini haoni haya kuulizwa.

Mchana tulikwenda Feri. Nilimwamkia mama mmoja shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama mgeni wangu na kumwambia, "Karibu, mwanangu, kaa hapa penye kivuli." Tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, na kachumbari yenye pilipili iliyomfanya Daktari wa watu avue koti. Jioni nikampeleka Coco Beach, katika ufukwe wa Oyster Bay, mtaa ambao Waingereza waliutenga kwa makazi yao. Leo mwanafunzi, bodaboda na mhasibu huketi pale wakila mihogo ya kukaanga, na hakuna anayewauliza wametoka upande gani wa Mnazi Mmoja. Kama kuna mahali ambapo naweza kumwonyesha mgeni maana ya uhuru bila kumsomea hotuba, ni hapo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekula kwa mama lishe humponya mwenyeji kwa siku moja. Kumponya kwa siku zote ni kazi ya wanaotunga sheria ndogo za manispaa, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Ombi langu kwao si kubwa: mpango wa soko, stendi au jengo la ofisi ukifika mezani penu, kabla ya kutia saini tafuteni kwenye mchoro mahali pa jiko, bomba na choo. Msipopaona, ulizeni wajenzi wake watakula wapi. Kisha, saa sita ikigonga, jiulizeni na ninyi.