Mkulima Akiwa Mdai na Mdaiwa: Mfumuko wa Bei, Ajira na Madeni ya Kaya katika Musoma, Bunda na Butiama, 1978–1986

Mdororo wa uchumi ulioikumba Tanzania kati ya mwaka 1978 na 1986 huelezwa kwa kawaida kupitia sababu za kitaifa na za kimataifa: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vilivyoanza Oktoba 1978, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, na kudorora kwa bei za mazao katika soko la dunia. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazielezi namna kaya ya mkulima wa pamba wa Bunda, au ya mfanyakazi wa mjini Musoma, ilivyoingia katika deni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kwa wakulima wengi wa pamba mkoani Mara, deni lilianza kama dai. Mkulima aliidai dola kabla yeye mwenyewe hajadaiwa na mwenye duka.

Ili kuielewa hoja hii ni lazima kurudi Mei 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Ununuzi wa pamba ukawekwa mikononi mwa Mamlaka ya Pamba, na kijiji kikawa ndicho kituo cha ununuzi. Bei ilipangwa na serikali na ilikuwa moja nchi nzima. Mkulima wa Butiama alilipwa kwa kilo sawa na yule wa Shinyanga. Vyama vya ushirika vilikuwa na kasoro nyingi, za upunjaji katika mizani na za matumizi mabaya ya fedha, na wakulima walizilalamikia waziwazi. Hata hivyo mkulima alimjua katibu wa chama chake na aliweza kumkabili mkutanoni. Mamlaka haikuwa na mkutano wa namna hiyo.

Katika ukanda wa pamba wa Ziwa Victoria mbegu hupandwa kuanzia Novemba, na mavuno huanza takribani Mei au Juni. Kati ya miezi hiyo kaya hupalilia, hununua dawa za wadudu na huishi kwa akiba ya mtama, mihogo na mahindi. Fedha taslimu hutarajiwa mara moja kwa mwaka. Katika miaka inayojadiliwa hapa, malipo ya pamba yalichelewa mara kwa mara, wakati mwingine kwa miezi mingi. Mkulima aliacha mzigo wake kwenye ghala la kijiji na kuondoka na stakabadhi. Stakabadhi hiyo, kwa lugha ya uhasibu, ni mkopo ambao mkulima aliitolea taasisi ya umma. Ulikuwa mkopo usio na riba, na mkopeshaji hakuulizwa kama yuko tayari kuutoa.

Mfumuko wa bei ndio uliogeuza ucheleweshaji huo kuwa hasara. Takwimu rasmi zinaonyesha ongezeko la bei la takribani asilimia 30 mwaka 1980 na asilimia 36 mwaka 1984. Kwa kiwango cha mwaka 1984, shilingi 1,000 zilizocheleweshwa kwa mwaka mzima zilinunua vitu ambavyo mwanzoni vingenunuliwa kwa takribani shilingi 735. Hesabu hii ni ya upole, kwa kuwa takwimu rasmi zilitegemea kwa sehemu kubwa bei elekezi, ilhali sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na khanga havikupatikana kwa bei hizo. Vilipatikana kwa walanguzi, au kwa njia za magendo kutoka Kenya kupitia Tarime, hata baada ya mpaka kufungwa mwaka 1977.

Hapo ndipo mwenye duka alipoingia. Mkulima mwenye stakabadhi mkononi alichukua bidhaa kwa mali kauli, na jina lake likaandikwa daftarini. Mwenye duka naye alilazimika kununua mzigo mpya kwa bei iliyokwisha kupanda, hivyo alipandisha bei ya kukopesha juu ya bei ya fedha taslimu. Kumwita mnyonyaji ni rahisi, na siasa za wakati ule zilimwita hivyo. Lakini hatari aliyoibeba ilitokana na ghala lile lile lililokuwa na pamba isiyolipiwa.

Mjini Musoma hali ilikuwa na sura tofauti. Thamani halisi ya mishahara nchini ilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya katikati ya miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na vingi vilifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Mji wenye kiwanda cha nguo cha MUTEX, uliozungukwa na mashamba ya pamba, ulikuwa katika nchi ambayo watu walipanga foleni kwa ajili ya khanga. Mfanyakazi aliyebaki na ajira hakuachishwa kazi, ila mshahara wake ulikwisha kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana takwimu za ajira peke yake hupotosha. Wengi waligeukia bustani, ufugaji wa kuku, na uvuvi, hasa sangara walipoanza kuongezeka ziwani. Uvuvi nao ulikuja na deni la aina yake: tajiri alitoa nyavu, na mvuvi alilipa kwa samaki kwa bei iliyopangwa na tajiri huyo.

Kwa vijana, mji huo una kumbukumbu ya pekee. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilirudisha lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka mwaka 1989 hadi mwaka 1977. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1978 walimaliza darasa la saba mwaka 1984, katikati ya mdororo, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Nguvukazi kuanza kuwarudisha mashambani watu wa mijini wasio na kazi rasmi. Azimio lenyewe lilikuwa limesisitiza elimu ya kazi. Shamba walilorudishwa, hata hivyo, lilikuwa lile ambalo mzazi wao alikuwa bado anasubiri kulipwa mazao yake.

Mwaka 1984 serikali za mitaa zilirejeshwa, na pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo. Kodi haikupokea stakabadhi ya pamba. Kwa kaya zenye mifugo, suluhisho lilikuwa kuuza ng'ombe, yaani kutoa akiba ambayo pia ilikuwa mahari ya kijana wa kiume. Akiba hiyo yenyewe ilikuwa hatarini, kwa kuwa baada ya vita silaha za moto zilienea na wizi wa mifugo mkoani Mara ukawa wa kutumia bunduki. Kaya isiyo na ng'ombe ilipunguza eka za pamba na kuongeza mihogo na mtama, mazao ambayo hayakuhitaji kumkopesha mtu.

Vyama vikuu vya ushirika, vilivyoruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, vilianza kununua mazao upya katikati ya muongo huo. Vilirudi bila mtaji wa maana, vikitegemea mikopo ya benki ili kuwalipa wakulima. Juni 1986 shilingi ilishushwa kutoka takribani 17 hadi 40 kwa dola moja, na Agosti serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nyerere, aliyeyapinga masharti ya shirika hilo kwa miaka kadhaa, alikuwa amekwisha kung'atuka urais na kurejea Butiama. Bei ya pamba iliyotangazwa ilipanda. Kwenye maghala, ununuzi uliendelea kusubiri fedha za benki, na pale zilipochelewa mkulima alipewa tena stakabadhi.