Koti Zito Katika Joto la Pwani: Historia Fupi ya Kumcheka Mpelelezi

Mwaka 1982 mwongozaji wa Marekani, Carl Reiner, alitoa sinema ya vichekesho iitwayo Dead Men Don't Wear Plaid. Steve Martin anaigiza humo kama Rigby Reardon, mpelelezi wa kujitegemea: koti zito, kofia, sigara, na maneno makavu kuliko muhogo wa jana. Sinema yote ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Ujanja wake ni huu: Reiner alikata vipande vya sinema za miaka ya 1940 akavishona ndani ya yake, hata Reardon akipiga simu, anayepokea ni Humphrey Bogart wa The Big Sleep (1946). Isitoshe, mavazi yalibuniwa na Edith Head na muziki ukatungwa na Miklós Rózsa, watu wawili waliokuwa wameifanyia kazi Double Indemnity (1944), mojawapo ya sinema zilizokatwa. Yaani waliomvisha mpelelezi zamani ndio waliorudi kumcheka.

Makala haya hayakusudii kuisifu Hollywood. Yanauliza swali la hapa kwetu: je, sisi watu wa pwani tuna mpelelezi tunayemfahamu vya kutosha kuweza kumcheka?

Niliitazama sinema hiyo Bagamoyo, wakati wa likizo, pamoja na ndugu zangu. Wadogo zangu walicheka pale Reardon anapopandwa na wazimu kila asikiapo habari za mwanamke wa kufanya usafi. Vipande vya Bogart vikawapita hivi hivi. Aliyecheka tangu mwanzo hadi mwisho ni mjomba, ambaye Bogart hamjui hata kwa jina. Nilipomuuliza, akajibu, "Aa, huyu si ndiye Willy Gamba? Kavaa koti tu." Basi hapo nikapata somo ambalo sikulipata darasani. Dhihaka ya fasihi haichekeshi kwa maneno yake peke yake. Humchekesha yule aliyekwisha kusoma.

Sasa tuitazame historia. Kule Marekani kwanza lilikuja jambo, kisha mzaha. Dashiell Hammett alitoa The Maltese Falcon mwaka 1930, Raymond Chandler akafuata na The Big Sleep mwaka 1939, na ilipofika 1947 Bob Hope alikwisha kuwafanyia masihara katika My Favorite Brunette. Kwetu mambo yalikwenda kinyumenyume: mzaha ulitangulia.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Bwana Msa wake anavuta kiko kama Sherlock Holmes na ana Najum wake kama Holmes alivyokuwa na Watson. Wahakiki wengi wameishia hapo: mwigo, basi. Lakini mwigo gani huu unaomchukua mtu wa London na kumpeleka kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanamhofia pepo kuliko muuaji? Msomaji wa Bagamoyo haihitaji ramani. Kaole iko jirani, na hadi leo wapo wanaofika kwenye makaburi ya kale kuomba dua.

Tena pwani haimruhusu mpelelezi kuwa mpweke. Marlowe wa Chandler hutembea peke yake usiku kwenye mvua, hana wa kumsalimu. Hebu mlete Bagamoyo mwezi wa Februari na koti lake! Kabla hajafika Mji Mkongwe jasho limemlowesha, wazee wa barazani wamekwisha kumuuliza habari za nyumbani, na muuaji kapata taarifa zamani kwamba kuna mgeni. Abdulla alilielewa hili. Ndiyo maana Msa hutegemea maneno zaidi ya bastola: mazungumzo, mafumbo, ulimi wa mtu unaoteleza. Na mwandishi hakumwacha shujaa wake bila kumtania. Riwaya ya 1984 inaitwa Kosa la Bwana Msa.

Mpelelezi mgumu hasa alikuja baadaye, na alishukia mjini. Faraji Katalambulla alifungua njia na Simu ya Kifo (1965). Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, akifuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Huyu, kusema kweli, ni binamu wa James Bond zaidi kuliko wa Marlowe, lakini ugumu ni ule ule: ngumi, wanawake, hoteli. Miaka ya 1980 Ben Mtobwa akaongeza Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakabanduka. Vyuoni vikapewa jina la riwaya pendwa, jina ambalo kwa wengine lilikuwa njia ya heshima ya kusema "si fasihi."

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walimu wangu, kwa heshima zote. Tangu 1981 Bagamoyo ina chuo cha sanaa, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Vikundi vya utamaduni kama Muungano vilijaza kumbi kwa vichekesho. Waigizaji tunao, magofu tunayo, giza la usiku wa pwani lipo bure. Kinachopungua ni kumbukumbu ya pamoja. Kijana asiyemjua Willy Gamba hawezi kumcheka Willy Gamba, na kitabu kisichofundishwa wala kuchapwa tena hufa pamoja na kina mjomba.

Watu husema dhihaka huishusha kazi. Mimi naona kinyume. Hakuna anayejisumbua kudhihaki kitu ambacho hakuna anayekikumbuka. Reiner hakuwa akimzika Bogart. Alikuwa akimwita ukumbini kwa mara nyingine.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo: Bwana Msa na Willy Gamba wakae katika somo moja, meza moja. Tuwasome kwa makini, tuonyeshe udhaifu wao, tusiwaonee haya. Huenda miaka kumi ijayo mwenzetu mmoja atamvisha mpelelezi koti zito, atamteremsha kwenye jua la Bagamoyo, na ukumbi mzima utajua kwa nini unacheka. Anayepinga kalamu anayo, na kurasa hizi ni zetu sote.