Darasa Bila Mikanda
Shule ya filamu ilipofunguliwa Moscow mwaka wa 1919, vita vilikuwa vimefanya mikanda ya kamera kuwa adimu kama dhahabu. Lev Kuleshov na wanafunzi wake hawakukaa kungoja. Waliigiza tukio baada ya tukio, kana kwamba kamera iko. Pudovkin, mmoja wao, alisimulia baadaye jaribio lao: uso uleule wa mwigizaji, kisha sahani ya supu, uso, kisha jeneza. Watazamaji waliona mawazo, wakaona huzuni. Uso haukuwa umebadilika.

Mimi karo ilinishinda, nikaacha chuo. Jaribio hilo nimelirudia kwa simu tu: uso wa binamu yangu, kisha sufuria tupu. Watu wakaniuliza, mbona huyu analala njaa? Na alikuwa ameshiba chapo.