Kuhemea katika Nchi ya Mavuno

Neno kuhemea limo katika Kiswahili tangu zamani, na maana yake si kuomba. Mwenye kuhemea ni mtu aliyeishiwa na chakula nyumbani kwake, akafunga safari kwenda penye mavuno, akarudi na mzigo. Na huko aendako hutoa kitu: mbuzi, jembe, chumvi, au nguvu za mikono yake. Mwombaji hunyosha mkono mtupu. Tofauti hiyo ni ndogo katika kamusi lakini ni kubwa katika heshima ya mtu, na historia ya msaada wa chakula katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 yaitwa Mkoa wa Songwe, kwa sehemu kubwa, ni historia ya tofauti hiyo.

Nchi yenyewe ina sura mbili. Juu, Mbozi na Ileje, ni nyanda za baridi na mvua nyingi, makao ya Wanyiha, Wandali na Wamalila. Chini, kuelekea Ziwa Rukwa, ni bonde la joto ambalo mvua yake haiaminiki. Bondeni humo imo Ivuna, mahali palipojulikana na wataalamu wa nyota kwa kimondo kilichoanguka mwaka 1938, lakini palipostahili kujulikana zaidi kwa chumvi. Fagan na Yellen, wachimbuzi wa mambo ya kale, walifukua masalio yake katika miaka ya 1960, wakaonyesha kwamba watu walichemsha chumvi pale tangu karne ya 13 hivi. Chumvi hailiwi peke yake. Bonde lilikuwa na chumvi na samaki. Nchi ya juu ilikuwa na ulezi, na Wanyiha walifua majembe ya chuma. Maadamu njia zilikuwa wazi, na jirani ana kitu cha kubadilishana, mwaka mbaya wa upande mmoja haukulazimika kuwa njaa. Asiyekuwa na bidhaa alikuwa na mikono: alilima shamba la mwenye nafaka, akalipwa nafaka.

Desturi hiyo isisifiwe kupita kiasi. Siku aliyolima shamba la mwenziwe ilikuwa siku aliyoliacha lake katika magugu, na kwa hiyo njaa ya mwaka huu iliweza kuzaa njaa ya mwaka ujao. Lakini hakuna aliyemwandika katika orodha ya maskini.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yalipitisha mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili za mstari wasiouchora. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliuvuka mpaka huo kutoka kusini, yakifuatwa na wapagazi wengi, na nafaka ambayo ingalihemewa na jirani ikawa posho ya vita. Utawala wa Kiingereza uliokuja baadaye ulihimiza, na mara nyingine ukalazimisha, kilimo cha muhogo kiwe akiba ya njaa. Na chakula cha msaada, kilipotolewa katika Tanganyika, mara nyingi kilidaiwa malipo ya fedha au ya kazi.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya uhuru. Shirika la Taifa la Usagishaji liliundwa mwaka 1968. Ukame na misukosuko ya miaka ya 1973 hadi 1975 iliilazimu Tanzania kununua nafaka nyingi ng'ambo, na serikali ikaweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, awe mkulima yu karibu na Dar es Salaam au yu Mbozi. Barabara kuu ya Zambia na Reli ya Uhuru, iliyokamilika mwaka 1975, zilipita Tunduma. Hivyo nyanda za juu kusini zikawa ghala la taifa. Siku hizi kazi ya kununua na kuweka akiba iko mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza mwaka 2008.

Hapo ndipo lilipozaliwa fumbo la Tunduma. Mchukuzi wa mizigo au mama lishe wa mpakani hana shamba. Hununua unga kwa kipimo kidogo cha siku, na akikosa fedha hulala njaa kando ya magunia. Ukame haukumfikia, kilichomfikia ni bei. Mwaka 2017 serikali ilipokataza mahindi kuuzwa nje, ilitaka chakula kibaki nchini. Lakini kizuizi cha namna hiyo ni msaada unaolipwa na mkulima, ambaye huuza kwa hasara ili mwingine anunue kwa nafuu. Ni vigumu kuuita haki.

Njia nyingine ni fedha mkononi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000, ulieneza ruzuku kwa kaya maskini kuanzia mwaka 2013. Majina hupendekezwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, na wengine hupewa ajira za muda, kama kutengeneza barabara au kuchimba malambo. Mkutano huo huzuia upendeleo wa siri, lakini humtaka mtu atajwe kuwa maskini mbele ya majirani zake. Ajira za muda, kinyume chake, zamrudishia mwenye dhiki jembe lake la zamani: hupokea kwa kuwa ametoa.

Mwaka 2024 ukame mkali uliipiga Zambia, ikatangaza janga la taifa mwezi wa Februari; na katikati ya mwaka ikapatana na Tanzania kununua tani 650,000 za mahindi. Dola zima lilikuja kuhemea, likiwa na fedha mkononi, wala hapana aliyeliita ombaomba. Mama lishe wa Tunduma naye huhemea kila jioni, hatua chache kutoka mlangoni pake, naye hutakiwa bei ile ile ya soko ambalo mataifa mawili hununua humo.