Jumapili Baada ya Pasaka: Kumbukumbu za Kwaya Yetu kwa Miaka 50



Kamati ya Jubilii ilipotukabidhi sisi wa ofisi ya kwaya kazi ya kuandika historia hii, tulidhani ni kazi ya jioni mbili. Tungefungua vitabu vya kumbukumbu, tunakili tarehe, tutaje waliokuwa wenyeviti, tumalize. Vitabu vipo katika sanduku la bati kwenye chumba cha mavazi. Lakini kitabu cha kwanza hakimo. Wazee wengine wanasema kililiwa na mchwa, wengine wanasema kiliazimwa na mtu aliyehamia Kitale. Cha pili kinaanza katikati ya kikao, kwa maneno "kisha ikakubaliwa na wote". Ni nini kilichokubaliwa na wote, hakuna anayekumbuka.

Kilichotuokoa ni madaftari ya mahudhurio. Kwaya hii, hata ilipokosa sare na hata ilipokosa mwalimu, haikuwahi kukosa mtu wa kuita majina. Na tulipoyasoma yale madaftari tuliona jambo linalojirudia kila mwaka. Jumapili ya Pasaka safu zimejaa alama. Walio Nairobi wamekuja, wanafunzi wamefunga shule, na hata wale tuliokuwa tumewasahau wamesimama upande wa besi. Jumapili inayofuata, nusu ya ukurasa ni tupu. Masomo ya siku hiyo humtaja Tomaso, ambaye hakuwepo Jumapili ya kwanza akaja ya pili. Kwetu Mabanga mambo ni kinyume: ya kwanza tupo wote, ya pili hatuonekani.

Kwa hiyo tumeamua kuisimulia historia ya kwaya kwa njia ya hiyo Jumapili ya pili.

Tuanze mbali kidogo, maana vijana wetu hudhani Kanisa la Anglikana lilifika huku kwa basi kutoka Nairobi. Oktoba 1885 msafara wa Askofu James Hannington ulifika Mumias, wakati huo ikiitwa Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Mumia. Askofu akaendelea kuelekea Buganda na wapagazi 50. Wengi wa msafara aliwaacha hapo chini ya Kasisi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Bara Hindi, na aliyepewa ushemasi mwaka huohuo. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Jones alikaa Kwa Sundu akingoja, hadi wachache walionusurika wakarudi na habari. Kisha akawaongoza watu wake kwa miguu mpaka Rabai, pwani, wakafika Februari 1886. Shule nyingi zinafundisha habari za Hannington. Sisi tunaomba siku moja mtu aandike wimbo kuhusu Jones.

Misheni yenyewe ilichukua muda. Maseno ilianzishwa 1906, Butere 1912 chini ya Walter Chadwick wa CMS, na hadi 1921 Waanglikana wa upande wetu wa magharibi walihesabiwa katika Dayosisi ya Uganda. Askofu wetu alikaa ng'ambo ya ziwa. Huku Bungoma wenyeji wengi waliingia kwa Marafiki, waliofika Kaimosi 1902, au kwa Wakatoliki. Waanglikana walikuwa familia hapa na familia pale. Tusione haya kusema kwamba wengi wa wazazi wetu walijifunza kuimba katika shule za Marafiki ndipo wakaja kutuimbia sisi.

Dayosisi ya Maseno ilizaliwa 1961 chini ya Askofu Festo Olang', naye mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya. Mwaka huohuo Maseno iligawanywa, nasi tukawa Maseno Kaskazini. Ni katika siku hizo kwaya yetu ilipoanza, na hapa tunategemea vinywa vya wazee kwa sababu kitabu, kama tulivyosema, hakipo.

Wanasema ilikuwa Jumapili baada ya Pasaka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mahindi yalikuwa yanadai palizi. Mwinjilisti alifika akakuta watu kumi na kitu. Pasaka yenyewe walikuwa wamesimama hadi nje. Akatangaza wimbo, na hakuna aliyeuanzisha. Ukimya ukawa mrefu mpaka mtoto akacheka. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa ameketi nyuma na jembe lake likiwa limeegemezwa ukutani, kwa kuwa alikuwa akienda shambani moja kwa moja kutoka ibadani, akaanza kuimba, tena si sauti ya kwanza bali ya pili, kwa sababu ndiyo aliyoijua. Mwalimu wa shule ya msingi akaingia na ya kwanza. Baada ya ibada mwinjilisti akawaomba wawili hao wabaki. Walibaki watu sita. Hiyo ndiyo kwaya.

Mwalimu huyo alifundisha kwa noti za do-re-mi, akiandika d, r, m ubaoni kwa chokaa. Mfumo huo ulianzia kwa mwanamke Mwingereza, Sarah Glover, mwalimu wa watoto huko Norwich. Kasisi John Curwen akauendeleza na kuueneza, na wamisheni wakaubeba popote walipokwenda, kwa sababu hauhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari. Wengi wetu tuliosomea ualimu tuliukuta tena chuoni na tukajiona tumetangulia. Mama wa sauti ya pili hakujua kusoma barua, lakini alisoma noti. Mwalimu akikosea kuandika, yeye ndiye aliyemsahihisha.

Yaliyofuata tutayapita upesi. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoanza kusaga miwa 1978, wageni waliokuja kutafuta kazi walituletea besi tuliyokuwa hatuna. Sare ya kwanza, blauzi nyeupe na sketi ya buluu, ilinunuliwa kwa pesa za miwa. Litungu lilikataliwa na baraza la kanisa kwa sababu lilisikika katika sherehe za busaa, kisha likaruhusiwa siku ya mavuno pekee, kisha likasahauliwa kwamba liliwahi kukatazwa. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti mazoezi hufa, maana ni mwaka wa tohara na wavulana wetu wanazunguka na njuga. Wakirudi, sauti zao za soprano zimekwisha.

Mipaka nayo ilitembea. Mwaka 1987 tukawa Dayosisi ya Nambale, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tukawa Bungoma, chini ya Askofu Eliud Wabukala, ambaye 2009 alichaguliwa Askofu Mkuu. Kitale nayo ilipata dayosisi yake 1997, ikitoka Eldoret. Kwetu hili halikuwa jambo la ramani tu. Familia nyingi za Bungoma zilikuwa zimenunua mashamba Trans Nzoia, na kwaya yetu ikabaki na mguu mmoja hapa na mwingine kule. Ndiyo sababu leo mnawaona ndugu zetu wa Kitale wameketi safu ya pili. Karibuni nyumbani.

Mwaka 2008 Pasaka iliangukia tarehe 23 Machi. Mapatano ya kitaifa yalikuwa na majuma machache tu tangu yatiwe sahihi, na kule Mlima Elgon operesheni ya jeshi ilikuwa imeanza mwezi huohuo. Watu walikuwa wakishuka kutoka mlimani na magodoro kichwani. Baadhi yetu tulikuwa wanafunzi na tunakumbuka kwamba Jumapili baada ya Pasaka kanisa, kwa mara moja, halikuwa tupu. Viti vya nyuma vilijaa wageni ambao hawakusema sana. Mwalimu wa kwaya akawauliza kama wana wimbo. Wakaimba kwa Kisabaoti, nasi hatukuelewa neno, tukaitikia kwa kufuata sauti tu. Miaka mitatu baadaye wazee wa jamii zetu walikutana katika kituo cha mafunzo ya wakulima hapa Mabanga, na mapatano yao yakaitwa kwa jina la mahali petu. Tunapenda kuwaambia wageni kwamba sisi tuliimba kwanza.

Sasa tunafika mahali ambapo kamati ilitushauri tupite haraka. Tumejadiliana, na tumeonelea tusipite.

Kuna miaka kwaya iligawanyika. Chanzo kilikuwa kinanda cha umeme. Vijana walikitaka, wazee wakasema kitaua sauti nne, na pande zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake. Pesa zilichangwa, kinanda kikanunuliwa, kisha ikaulizwa ni mali ya nani. Ikawa kwaya mbili katika kanisa moja, kila moja na ufunguo wake wa sanduku, na hatukusalimiana mlangoni. Katika hali hiyo yule mama wa jembe, mama wa sauti ya pili, akafariki. Alikuwa ameacha neno kwa wanawe kwamba aimbiwe na kwaya yake, kwa sauti nne, bila chombo. Siku ya mazishi tulikuwepo wote. Kundi moja lilisimama chini ya mwembe, lingine kando ya hema, na kila upande ukangoja mwingine uombwe kwanza. Aliyeongoza nyimbo kaburini ni wajukuu zake, kwa simu iliyounganishwa na kipaza sauti.

Kitabu cha kumbukumbu cha mwaka huo kina mstari mmoja tu: "Hakukuwa na kikao." Tumeandika haya hapa kwa sababu wanawe wako nasi leo na hatujawahi kuwaambia kwa pamoja kwamba tulikosea. Tulikosea. Mtusamehe.

Hatukupatanishwa na semina, ingawa mbili zilifanyika. Jumapili baada ya Pasaka iliyofuata, kundi la vijana lilikuja na watu wanne, la wazee na watano. Hakuna upande uliotosha. Kasisi alitangaza wimbo, na ule ukimya wa zamani ukarudi. Hatimaye msichana wa upande wa kinanda akaanza sauti ya pili. Alikuwa amefundishwa na marehemu jikoni, wakichambua maharagwe. Tuliomaliza wimbo ule tulikuwa tisa, na baada ya ibada funguo mbili za sanduku ziliwekwa mezani. Kinanda kipo hadi leo na kinapigwa. Jumapili moja kwa mwezi kinafunikwa kitambaa.

Mwaka 2020 ulitukuta tumeungana, ila hatukuwa na pa kuimbia. Pasaka, tarehe 12 Aprili, makanisa yote yalikuwa yamefungwa. Julai serikali iliporuhusu ibada, ilikuwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, wenye umri wa miaka 13 hadi 58. Wote walioianzisha kwaya hii na ambao bado wanaishi walikuwa wamepita umri huo. Mzee mmoja wa tena alikuwa akileta kiti chake hadi kwenye ua wa kanisa, anakaa upande wa barabara, anaimba kutoka huko. Daftari la mahudhurio linamwonyesha yupo.

Na mwaka huu? Baada ya Pasaka tulihesabiwa kumi na saba, ambayo kwa Jumapili hiyo ni nyingi. Umoja wa Akina Mama walitupikia chai. Jumapili ya kuombea mashamba tulizunguka na Kasisi hadi kwenye mahindi, tukaimba tukiwa na matope hadi vifundoni, na viwavijeshi wakatajwa katika sala kwa jina. Soprano ni tele. Besi ni wanne, na mmoja wao amepata kazi Mombasa. Wababa wa KAMA mnaoimba vizuri sana mkiwa kwenye harusi, mazoezi ni Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni.

Jambo la mwisho ni kuhusu sanduku. Yeyote aliye na picha, noti zilizoandikwa kwa mkono, au kile kitabu cha kwanza, hata kama ni kurasa chache zilizobakizwa na mchwa, atuletee kabla ya Pentekoste. Hatutauliza kilikuwa wapi. Ndugu wa Kitale, tunawatazama ninyi hasa.

Katibu wa Kwaya, kwa niaba ya wanakwaya wote